Dola 12 kwa saa: masomo ya piano kwa mwalimu binafsi, Bel-Air, Lubumbashi

Dola 12 kwa saa moja, mara moja kwa wiki. Nikiitaja bei hiyo mbele ya wenzangu wa kwaya, jibu huwa moja: hiyo ni pesa ya unga na mafuta. Wana haki. Hapa Lubumbashi mtu anayetoa karibu dola 50 kwa mwezi kwa ajili ya muziki, na hategemei kulipwa hata franka moja kwa kupiga, lazima aeleze. Basi naeleza, tena kwa kirefu, kwa sababu nimeulizwa na wengi na kwa sababu masomo haya nayapenda kuliko kitu chochote ninachokifanya nje ya kazi na nyumba yangu.

Mimi ni mtunza hesabu katika depo ya vifaa vya ujenzi, nakaa Katuba, naimba alto, sauti ya chini ya wanawake, katika kwaya ya Kimethodisti tangu usichana wangu. Mwalimu wangu ni mzee anayefundisha nyumbani kwake, Bel-Air. Ameniomba nisiandike jina lake wala namba yake ya simu, kwa kuwa wanafunzi alionao wanamtosha, na wapya anapenda wafike kwa kuletwa na mtu. Nitamwita Mwalimu, kama tunavyomwita sote. Binti yangu humwita Papa Mwalimu.

Kabla yake nilisoma kwa kikundi, katika kituo kimoja cha mjini. Bei haikufika nusu ya hii. Tulikuwa wanane chumbani, kila mtu na kinanda chake cha umeme na visikizi masikioni, kijana anayetufundisha akipita nyuma yetu kama msimamizi wa mtihani. Alikuwa akipiga vizuri, na alikuwa na moyo. Lakini somo lilikuwa ukurasa, na ukurasa ulikuwa mmoja kwa wote. Aliyemaliza mapema alikaa akichezea vitufe vya ngoma. Aliyekwama alibaki amekwama hadi saa ikaisha. Kulikuwa na mvulana wa sekondari aliyetaka kupiga kanisani kwao, mama mmoja aliyetaka kumsindikiza mwanawe anayeimba, na mimi. Wote tulipewa zoezi la kwanza la Hanon, lile la vidole vitano kupanda na kushuka. Mazoezi ya Hanon yako 60, yalichapishwa Ufaransa mwaka 1873, na yana faida mahali pake. Nitarudi huko.

Kilichoniondoa pale ni jambo jingine. Sisi watu wa kwaya za Kiprotestanti tunasoma nyimbo kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t, na nukta na vistari vya kupima mapigo. Huo ni mfumo wa sol-fa ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaubeba sehemu nyingi za Afrika. Unaandikika kwa taipureta, hauhitaji mistari mitano, na d haina makao ya kudumu. Wimbo ukiwa katika sol, d inakaa kwenye sol. Mwongozaji akiupandisha hadi la, d inapanda nao. Solfeji ya Kifaransa, ambayo ndiyo inayofundishwa shuleni hapa Congo, haiko hivyo: do ni sauti moja na haisogei. Kwa hiyo mtu wa kwaya akikaa mbele ya piano na kuambiwa apige do, sikio linamvuta huku na kitabu kinamvuta kule. Mwalimu asipoliona hilo atadhani ana mwanafunzi mzito. Mimi niliambiwa herufi zangu hazina kazi kwenye piano, niziweke kando. Nilizisoma tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili, na ndizo zilizonipa uwezo wa kushika alto palipo na soprano ishirini zinazonikatiza masikio.

Kwa Mwalimu nusu saa ya kwanza hailipiwi, na katika nusu saa hiyo piano ilibaki imefungwa kwa muda mrefu. Aliniuliza ninaimba wapi, sauti gani. Ninataka kupiga nini, na nani atasikiliza. Nyumbani nina chombo gani. Umeme kwetu Katuba unapatikana saa ngapi. Swali hilo la mwisho lilinishangaza. Leo naona lilikuwa la maana kuliko yote. Kisha akasema, “Mama, imba alto ya wimbo wowote unaoupenda.” Nikaimba ubeti mzima. Yeye hakuwa akinitazama usoni, alikuwa akitazama mkono wangu, ambao ulikuwa unagonga mapigo gotini bila mimi kujua.

“Mapigo unayo. Sikio unalo,” akasema. “Imba kwanza, mukono itafwata.”

Akachukua daftari jipya, akaandika jina langu juu, na chini yake akapanga herufi zangu saba. Chini ya kila herufi akaweka namba: d 1, r 2, m 3, hadi t 7. Makubaliano yakawa hivi: majina do, re, mi ni ya vibonye, hayahami, kile ninachokisikia mimi, kinachohama na wimbo, tutakiita kwa namba. Wimbo wa kwanza tuliupiga katika sol. 1 yangu ikakaa kwenye sol, 5 ikakaa kwenye re. Nilipofika kwenye 7 nikabonyeza fa ya kawaida, cheupe, na sikio likakataa papo hapo. Mwalimu alinyamaza. Nikajaribu kibonye cheusi kilicho jirani, kikakaa. Ndipo akachora alama ya diezi mwanzoni mwa mistari mitano na kuniambia kwamba alama ile ni hicho kibonye nilichokitafuta mwenyewe. Somo lililofuata, wimbo ule ule katika fa. Safari hii kilichoingia ni kibonye cheusi cha “si bemoli”, yaani noti ya si iliyoshushwa, na nilikipata kabla hajasema kitu.

Naomba msomaji aliangalie vizuri jambo hili, maana kwangu ndilo lenye thamani ya dola 12. Kile nilichoambiwa kwingine kwamba ni mzigo, yeye alikifanya ngazi. Kuhamisha wimbo kutoka gami (mpangilio wa noti unaoanzia do, sol au nyingine) moja hadi nyingine ni kazi inayowatoa jasho watu waliofundishwa tangu utoto kwa do isiyosogea. Mimi ilinijia upesi kwa sababu kwaya ilikuwa imekwisha nifundisha nusu yake. Mkono wa kushoto ukaanza na akordi tatu, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, ya 1, ya 4 na ya 5, ambazo zinatosha kubeba nyimbo nyingi tunazoimba kanisani. Kulikoniwia kugumu ni kusoma mistari mitano, hasa ufunguo wa fa, ule wa noti za chini. Huko hakunihurumia. Kila somo linaanza na mistari minne ya kusoma ambayo sijawahi kuiona, polepole, bila kusimama, hata nikikosea. Nikisimama kurekebisha noti anagonga mbao ya piano kwa penseli: endelea. Anasema kwaya haitakungoja, na mtu yeyote aliyewahi kusindikiza kwaya anajua ni kweli.

Sasa piano yenyewe. Ni ya kusimama, ya mbao nzito, imezeeka. Ina vibonye 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na baadhi ya vyeupe vya katikati vimebonyea kidogo kwa kuliwa na vidole. Haihitaji umeme. Katika mji huu hiyo peke yake ni sifa kubwa. Tumewahi kumaliza somo kwa mwanga wa taa ya kuchaji iliyowekwa juu ya piano, na hakuna noti iliyopotea. Lakini chombo cha mbao kina maisha yake. Lubumbashi iko juu, kwenye mita 1,200 hivi, na mwaka wetu una nyuso mbili kabisa. Kiangazi hewa inakauka, vumbi jekundu linaingia kila mahali, asubuhi za Juni na Julai ni za koti. Mvua zikirudi, ubao wa sauti ulio ndani ya piano unavuta unyevu na kuvimba, nyuzi zinavutika na sauti inapanda. Kiangazi unanywea na sauti inashuka. Tena haipandi wala kushuka kwa usawa. Noti nyingi zina nyuzi tatu zinazopigwa pamoja, na mmoja ukilegea kidogo tu, noti inaanza kutikisika.

Mwalimu hukaza nyuzi zake mwenyewe. Siku moja nilifika nikamkuta amefungua piano, ameziba nyuzi mbili za noti kwa kitambaa cha sufi, anasikiliza wa tatu. Alianzia la ya katikati, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde, kisha akaniita nisikilize nyuzi mbili kwa pamoja. Mwanzoni nilisikia sauti moja mbaya. Kisha nikasikia ndani yake mawimbi, wau, wau, wau, na kadiri alivyokuwa akizungusha ufunguo ndivyo mawimbi yalivyozidi kuwa marefu, hadi yakatoweka na ikabaki noti moja iliyonyooka. Somo la siku hiyo lilichelewa, na sikudai hata dakika moja irudishwe. Tangu hapo nikiimba kwaya naisikia alto ikitikisika dhidi ya tenori, na najua la kufanya.

Jambo jingine ambalo chombo hiki kimenifundisha ni uzito wa kidole. Kinanda cha umeme cha bei nafuu, kile cha vibonye 61 tunachokitumia kanisani, ni chepesi, unagusa, kinalia. Kwenye piano kibonye kinarusha nyundo yenye sufi, na nyundo inaachiwa kabla haijaufikia uzi, inamalizia safari yenyewe. Ukibonyeza polepole sana hakuna sauti kabisa. Ukibonyeza kwa kasi sauti ni kubwa, ukipunguza kasi sauti ni ndogo, na baada ya hapo, hata ukandamize kibonye kwa nguvu zako zote, hakuna unachoongeza. Mtaliano Bartolomeo Cristofori ndiye aliyebuni mtambo huo, karibu mwaka 1700, na ndio uliokitofautisha chombo hiki na vile vilivyokitangulia. Mimi nilikuwa nakandamiza. Mwalimu aliweka kiganja chake chini ya kifundo changu cha mkono, bila kunishika, na kuniambia nipige ubeti mzima bila kumgusa wala kumwacha mbali. Mabega yalishuka yenyewe.

Binti yangu ana miaka 9 na anasoma kwa mwalimu huyo huyo, nusu saa, dola 7. Nakaa kwenye benchi la ukumbini nikimsikiliza, na kama nisingejua, ningedhani ni mwalimu mwingine. Kwake hakuna namba, hakuna nyimbo za kwaya. Siku ya kwanza Mwalimu alimwondolea piano ubao wa chini na wa juu, akamwachia aone nyundo zikirudi na dampa zikishuka juu ya nyuzi kuzinyamazisha, na mtoto akabonyeza kila kibonye kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho ili ahakikishe kila kimoja kina nyundo yake. Hakumharakisha. Kisha akamuuliza anacheza nini shuleni. Nzango, bila shaka, ule mchezo wa makofi na miguu. Wasichana wote wa hapa wanacheza nzango. Basi akamwambia asimame, apige makofi na miguu ya nzango, na yeye Mwalimu akapiga mapigo hayo hayo kwenye vibonye vyeusi viwili. Baadaye mtoto akayapiga mwenyewe: mkono wa kulia kwenye kundi la vyeusi viwili, wa kushoto kwenye kundi la vitatu. Hivyo alijua ramani ya kinanda kabla hajajua jina la noti hata moja, maana vyeusi hujipanga viwili, vitatu, viwili, vitatu, na do iko daima kushoto kwa viwili. Usiku ule aliniambia, “Mama, piano iko na nzango ndani.”

Na anayetutangulia ni kijana anayepiga gitaa. Naye ana somo lake. Mji huu na Katanga nzima ni nchi ya gitaa. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alijulikana duniani kwa kupiga kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba juu yake. Mwalimu alimpa yule kijana mkono wa kushoto kazi ya gumba na wa kulia kazi ya shahada, na ndani ya muda mfupi mikono yake ikaachana, jambo ambalo kwetu wengine huchukua miezi. Lakini vidole vyake vya pete na kidogo vilikuwa dhaifu, na yeye ndiye anayepewa Hanon, kwa kipimo, dakika chache mwanzoni mwa somo. Mimi sipewi. Nilipouliza sababu, alinijibu kwamba vidole vyangu vina usawa wa kutosha kwa ninachopiga, na akatoa zoezi langu ndani ya wimbo wenyewe: mapigo manne yaliyonishinda, yarudiwe kwa mkono mmoja, kisha mwingine, kisha yote, kwa mwendo wa nusu ya kawaida. Dawa ile ile, mgonjwa tofauti, kipimo tofauti. Ndicho ninachokiita somo la mtu binafsi. Kukaa peke yako na mwalimu anayekusomea ukurasa wa wote ni kulipa zaidi kwa kitu kile kile.

Nadhani anaweza kufanya hivyo kwa sababu ya alikotoka. Yeye mwenyewe alijifunza ogani kwa mapadre, na mji huu umefundishwa muziki na kanisa kwa vizazi. Kwaya ya wavulana ya Croix de Cuivre ilianzishwa hapa mwaka 1937, wakati mji ukiitwa bado Élisabethville, na Padre Anschaire Lamoral, Mbenediktini. Na Joseph Kiwele, mwanamuziki wa hapa hapa, aliweka misa nzima katika sauti za Katanga. Mwalimu huwataja hao kama mtu anavyowataja wazee wa ukoo. Kwake mwimbaji akija piano hajaanza kutoka sifuri, na mpiga gitaa hajaanza kutoka sifuri, na msichana wa nzango pia.

Si kila kitu ni kizuri, na atakayelipa ana haki ya kujua.

Muda ni tatizo. Mwalimu akiwa katikati ya jambo hamkati mwanafunzi, kwa hiyo anayefuata anangoja. Saa yangu ni saa kumi alasiri, Jumamosi. Mara nyingi naanza na robo saa juu. Nafidiwa mwishoni, dakika kwa dakika, lakini maana yake natoka Bel-Air jua likizama, napanda basi hadi mjini, na kupata la kwenda Katuba saa hizo ni kugombania mlango. Nikiwa na mtoto nachukua manseba, teksi ya pikipiki, hadi mjini, na hiyo ni gharama nyingine. Nimemwambia. Amesikia, na haijabadilika.

La pili, hafundishi sebene, ule mtindo wa Kikongo wa mwendo wa kasi wa kuchezesha watu. Vijana wa kanisa letu wanataka kusindikiza sifa kwa kinanda kama zinavyopigwa leo, na hilo ni elimu kamili, lina wataalamu wake. Mwalimu anasema wazi kwamba si kazi yake na anawaelekeza kwa wengine. Namheshimu kwa kusema ukweli, ila kwa Lubumbashi ya leo ni pengo kubwa: mwanafunzi anayetaka kupiga kanisani ataomba sebene siku moja, na itabidi alipe mwalimu wa pili.

Hakuna cheti, hakuna mtihani, hakuna tamasha la wanafunzi mwisho wa mwaka. Mimi mtu mzima sihitaji. Kwa binti yangu ningependa siku moja apige mbele ya watu wasio mama yake.

Ukikosa somo bila kutoa taarifa siku moja kabla, unalipa. Akikosa yeye, anarudisha. Naona ni haki. Malipo ni kwa mwezi, mwanzoni. Dola au franka kwa bei ya siku, mkononi au kwa simu, na noti ya dola iliyochanika hata ukingoni haipokei, kama kila mahali mjini. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa piano, kuna beseni na taulo mlangoni, na kucha ndefu haziingii. Dada mmoja alirudi nyumbani siku ya kwanza kwa ajili ya kucha zake mpya. Kwangu sheria hiyo ni sawa kabisa: kucha ikitangulia kufika, kidole kinalala, na kidole kilicholala hakina nguvu.

Narudi kwenye umeme. Nyumbani nina kinanda cha vibonye 61, chepesi, kinachotumia pia betri, lakini betri zinakwisha upesi na si za bei rahisi. Kwetu umeme unakuja na kwenda. Katika daftari langu kila kazi ya wiki imeandikwa kwa safu mbili: umeme ukiwepo, umeme usipokuwepo. Safu ya kwanza ni ya kupiga: dakika 20 kila siku, si saa mbili za Jumapili, na penseli inaonyesha mapigo gani. Safu ya pili ni ya giza: kuimba besi huku nikigonga mapigo ya soprano mezani, kusoma ufunguo wa fa kwa sauti, kupanga vidole kwenye ukingo wa meza, gumba namba 1 hadi kidogo namba 5. Wiki ambazo umeme ulitukimbia kabisa nimerudi Bel-Air nikiwa nimesonga mbele kusoma kuliko wiki nyingine. Hakuna kitabu cha piano nilichokiona kinachojua kwamba Katuba hakuna umeme Jumanne usiku. Daftari langu linajua.

Vilevile amekata nyimbo zangu zienee katika vibonye 61, akishusha noti za juu na kupandisha besi zilizopitiliza, na kando ya kila alipokata ameandika kwa penseli noti ya asili, ili nikifika kwake niipige mahali pake. Amenionya kwamba chombo hicho kitanitosha kwa muda tu. Anayeweza kununua, anunue cha vibonye 88 vyenye uzito tangu mwanzo. Asiyeweza asikae akingoja.

Wapo wanaoniambia kwamba video za kwenye simu zinafundisha bure. Nimezitazama, na mega zangu za intaneti zimekwenda huko. Kwa kujua wimbo unavyokwenda, zinasaidia. Ila video haioni bega lililopanda. Haijui kwamba unakosea mapigo yale yale kila mara kwa sababu noti mbili nyuma yake kidole cha nne kimewekwa pahali pa kidole cha tatu. Mwalimu aliliona hilo akiwa jikoni, akinywa maji, kwa sikio peke yake, akapaza sauti kutoka kule, “Mama, tatu, si ine!”

Sasa hivi napiga menueti ndogo, muziki wa dansi ya zamani ya Ulaya, katika sol. Watu wengi huijua kuwa ni ya Bach, kwa kuwa imo katika daftari alilompa mkewe Anna Magdalena mwaka 1725, lakini mtunzi wake ni Christian Petzold. Nilitegemea anipe kitu kingine cha kanisani. Akasema hapana, huu una sauti mbili tu, ya juu na ya chini, na zote mbili zinaimba. Mtu wa kwaya atausikia mkono wa kushoto ambapo wengine husikia kelele ya kusindikiza. Nilianza na mkono wa kushoto, peke yake, nikiuimba kwa namba. Kwa kweli unaimba. Mapigo matatu, polepole, na mahali pawili mikono inapojibizana bado napakwepa kwa kupunguza mwendo. Ameweka duara la penseli hapo, na wiki hii kazi yote ni duara hilo.

Kwa nani ningesema aende: mtu mzima mwenye kazi, aliyewahi kuimba au kupiga chochote, na mtoto mwenye maswali mengi. Kwa kijana anayetaka kupanda jukwaani mwezi ujao, hapana, atachoka na polepole ya Mwalimu kabla hajafaidi. Familia yenye watoto watatu wasiojua bado kama wanautaka muziki ianze na kikundi, ni nafuu, ione nani anabaki.

Jumamosi zimejaa. Jumanne na Alhamisi alasiri kulikuwa na nafasi nilipouliza mara ya mwisho. Njia ya kumfikia ni kupitia wapiga ogani na viongozi wa kwaya wa mjini, wengi wanamjua. Au uniulize mimi ana kwa ana baada ya ibada. Nusu saa ya kwanza ni bure. Nenda na wimbo mmoja unaoujua kwa moyo na saa za umeme wa mtaa wenu. Daftari atakupa yeye.